Annalena Tonelli: Mwalimu aliyewafuata wagonjwa wa kifua kikuu hadi jangwani

MGONJWA wa kifua kikuu anayefika katika zahanati ya Ganze, Magarini au Malindi huelezwa jambo moja mapema: atameza dawa kwa miezi 6 bila kukosa hata siku moja, na mtu wa karibu, awe jamaa au mhudumu wa afya ya jamii, atamtazama akizimeza.

Wako wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu. Si wengi wanaojua kwamba Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo barani Afrika ulipojaribiwa, wala kwamba aliyeusimamia hakuwa daktari.

Annalena Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, Italia, akasomea sheria. Tangu ujana wake alijitolea kuwahudumia maskini wa mji huo. Mnamo 1969 alikuja Kenya akiwa mwalimu, na muda si muda akawa anafundisha Wajir. Ingawa alikuwa Mkatoliki wa imani thabiti, hakuwa mtawa wala mwajiriwa wa shirika lolote. Hakulipwa mshahara. Fedha za kazi yake zilitoka kwa marafiki na kamati ya wahisani aliyosaidia kuiunda Forlì.

Huko Wajir aliona kifua kikuu kikiwamaliza wafugaji. Tiba ilikuwapo, lakini wakati huo ilichukua mwaka mmoja na zaidi. Mfugaji alipopata nafuu baada ya wiki chache, alifuata mifugo yake kwenye malisho na kuziacha dawa. Ugonjwa ulirudi, mara nyingine ukiwa sugu, naye akawaambukiza waliolala naye chini ya paa moja. Mgonjwa aliyetibiwa nusu alikuwa hatari kuliko dawa zilivyokuwa msaada.

Mnamo 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama. Badala ya kuwalaza hospitalini, aliwaalika waje na vibanda vyao na kuvisimamisha karibu na kituo chake. Hapo palizaliwa kile kilichojulikana kama manyatta ya TB. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, na matibabu yakafupishwa hadi miezi 6. Mtu alipona akiishi maisha aliyoyazoea, na kijiji chake kikanusurika.

Hakuwa peke yake katika fikra hizo. Nchini Tanzania, Dkt Karel Styblo naye alikuwa akijenga mpango wa kitaifa wenye misingi inayokaribiana na hiyo. Katikati ya miaka ya 1990, WHO ilipendekeza usimamizi wa aina hiyo kwa ulimwengu mzima.

Kazi yake Wajir ilikatizwa na damu. Mnamo Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawanyima maji na kuwaua wengi. Kwa miaka mingi serikali ilikiri vifo 57 tu. Wakazi wameshikilia daima kwamba waliokufa walikuwa mamia kwa mamia. Tonelli aliwatibu majeruhi, akasaidia kuzika maiti, na kuhakikisha habari zinaufikia ulimwengu. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya.

Hakurudi kwao kupumzika. Alivuka hadi Somalia, akaendelea na kazi ile ile hata vita vilipozuka. Dkt Graziella Fumagalli, aliyeshika nafasi yake katika mji wa Merca, aliuawa Oktoba 1995. Mwaka uliofuata Tonelli alikwenda Borama, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, akajenga hospitali ya kifua kikuu yenye vitanda zaidi ya 200. Alianzisha pia shule ya watoto viziwi na kupinga ukeketaji. Wako waliomchukia kwa kuwahudumia wenye virusi vya ukimwi, wakidai ndiye anayeuleta ugonjwa huo mjini.

Mnamo Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi. Miezi michache baadaye, Oktoba 5, 2003, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Kutoka Wajir hadi bara ya Kilifi ni mbali, lakini shida zinafanana: ukame, vituo vya afya vilivyo mbali na boma, na mgonjwa anayelazimika kuchagua kati ya kufuata dawa na kutafuta riziki. Tonelli alionyesha kwamba kumlaumu mgonjwa huyo hakuzuii maambukizi. Kinachozuia ni kuipeleka tiba pale anapoishi, na kumpata jirani aliye tayari kuketi naye kila siku hadi kidonge cha mwisho.