Grace Hopper: Mwalimu Aliyeipa Kompyuta Maneno

Je, umepata kufungua saa mbovu ukatazama vyombo vilivyomo ndani yake? Humo mna kamani, skrubu na magurudumu madogo yenye meno. Gurudumu moja likizunguka huzungusha la pili, na la pili huzungusha la tatu.

Zamani, huko Marekani, alikuwako msichana wa miaka saba aliyetaka sana kujua jinsi saa inavyofanya kazi. Nyumba waliyokwenda kupumzika wakati wa kiangazi ilikuwa na saa saba za kengele. Alifungua moja, vyombo vyake vikatawanyika, naye hakuweza kuvirudisha. Akafungua ya pili ili aone vilivyopangwa. Hiyo nayo ikamshinda, akafungua ya tatu. Mama yake alipogundua, saa zote saba zilikuwa zimefumuliwa. Mama hakumkataza kuchunguza, ila alimwamuru kwamba tangu siku hiyo atumie saa moja tu. Msichana huyo aliitwa Grace. Katika sura hii tutajifunza habari za maisha yake na kazi aliyoifanya katika sayansi ya kompyuta.

Utoto na masomo

Grace alizaliwa katika mji wa New York tarehe 9 Desemba, 1906. Baba yake alitaka binti zake wapate elimu sawa na ndugu yao wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Hata hivyo, njia ya Grace haikuwa nyepesi. Alipofanya mtihani wa kuingia chuoni kwa mara ya kwanza, alishindwa katika somo la Kilatini. Hakukata tamaa. Alisoma mwaka mmoja zaidi, na mwaka 1924 akaingia Chuo cha Vassar, alikojifunza hisabati na fizikia. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari katika hisabati. Jina la Hopper alilipata alipoolewa mwaka 1930.

Mwalimu wa hisabati

Mwaka 1931 Grace Hopper alianza kufundisha hisabati katika chuo kile kile cha Vassar. Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wanafunzi wake. Baada ya kuwafundisha kanuni ya hisabati, aliwataka waandike insha ya kuieleza. Kisha alizisahihisha insha hizo kama mwalimu wa lugha, akionyesha kila sentensi isiyoeleweka. Wanafunzi walinung'unika kwamba wao walikuja kujifunza hisabati, si kuandika insha. Mwalimu wao aliwajibu kwamba elimu ya hisabati haina faida kwa mtu asiyeweza kuwaeleza wenzake. Likumbuke jambo hili, kwa maana ndilo lililoongoza kazi yake yote.

Vita na mashine kubwa

Mwaka 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji, lakini alikataliwa. Umri wake ulikuwa umezidi, uzito wake ulikuwa mdogo mno, na tena kazi yake ya kufundisha hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa. Aliomba tena na tena, na mwezi wa Desemba 1943 akakubaliwa.

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko aliikuta mashine ya kukokotoa hesabu iliyoitwa Mark I, chini ya uongozi wa Profesa Howard Aiken. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 15, na uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 5. Iliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde moja. Siku hizi mwendo huo ni wa kobe, lakini wakati ule hapakuwa na mtu aliyeweza kushindana nao.

Mashine hiyo haikuelewa maneno yoyote. Maagizo yake yalitobolewa kwa matundu katika utepe mrefu wa karatasi. Tundu moja likikosewa, jibu lote liliharibika. Hopper alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika maagizo ya namna hiyo, ambayo leo huitwa programu. Profesa Aiken alimwamuru pia aandike kitabu cha kueleza jinsi ya kuitumia mashine. Hopper alikuwa hajapata kuandika kitabu, lakini aliifanya kazi hiyo. Kitabu chenye kurasa zaidi ya 500 kilitolewa mwaka 1946.

Vita vilipokwisha, chuo cha Vassar kilimwita arudi awe profesa kamili. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima na ya uhakika, bali utafiti wa kompyuta ulikuwa bado mchanga. Hopper alichagua utafiti.

Nondo ndani ya mashine

Mafundi wa zamani walizoea kuita hitilafu ya mashine kwa jina la mdudu. Tarehe 9 Septemba, 1947, mashine mpya iliyoitwa Mark II ilikosea hesabu. Watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja na Hopper walitafuta chanzo, wakamkuta nondo amenaswa katika swichi ya umeme. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi, na kuandika kwa mzaha kwamba huyu alikuwa mdudu wa kweli. Hopper alipenda sana kusimulia kisa hiki. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Kompyuta yajitungia maagizo

Mwaka 1949 Hopper alijiunga na kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. Huko aliona taabu moja. Waandikaji wa programu walikuwa na madaftari yenye vipande vya maagizo yaliyokwisha kujaribiwa. Walipotaka kipande fulani walikinakili kwa mkono. Aidha, ndani ya kompyuta kila namba huwekwa mahali penye anwani yake, kama nyumba za mtaani zinavyopewa namba. Kipande kilipohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, ilibidi anwani zake zote zibadilishwe kwa kujumlisha. Watu walikosea kunakili, na walikosea kujumlisha.

Hopper alifikiri hivi: kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo kompyuta huzifanya vizuri kuliko mtu. Kwa nini basi isizifanye yenyewe? Alivipa vipande vile namba, akaviweka katika utepe kama vitabu vinavyowekwa katika maktaba. Ikawa mtu akitaja namba, kompyuta hukitafuta kipande, hukinakili, hurekebisha anwani na kuunganisha programu nzima. Alikamilisha kazi hiyo mwaka 1952. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila.

Wengi hawakumwamini. Walimwambia kwamba kompyuta hujua kufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Yeye alikuwa nayo tayari, nayo ilifanya kazi. Lakini kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyekubali kuitumia.

Maneno badala ya namba

Hopper hakuishia hapo. Watu wa ofisini wenye kutunza mishahara na bidhaa walihitaji kompyuta, lakini hawakuzoea alama za hisabati. Aliona kwamba si haki kuwalazimisha wote wawe wanahisabati. Heri maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida, kisha kompaila iyageuze kuwa namba.

Siku moja aliwaonyesha wakuu wake programu ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Halafu akawaonyesha programu ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakuu walishtuka. Walidhani haiwezekani mashine iliyotengenezwa Marekani ijue lugha za kigeni!

Je, kompyuta ilijua Kifaransa? Hasha. Hata Kiingereza haikukijua. Kwa kompyuta, neno ni alama tu. Tukikubaliana kwamba alama JUMLISHA ina maana ya kuongeza namba moja juu ya nyingine, na tukaandika kompaila ya kuigeuza, kompyuta itajumlisha. Ilimchukua Hopper muda kuwafahamisha wakuu wake jambo hili, kwa hiyo aliendelea na Kiingereza peke yake. Lugha aliyoitengeneza pamoja na wenzake iliitwa FLOW-MATIC.

Mwaka 1959 wataalamu wa makampuni na wa serikali walikutana ili watunge lugha moja ya kompyuta kwa kazi za biashara. Waliijenga kwa kufuata sana mawazo ya FLOW-MATIC, wakaiita COBOL. Mwezi wa Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa katika kompyuta mbili za makampuni tofauti. Mpaka leo COBOL hutumika katika mabenki na ofisi nyingi duniani.

Uzi wa nanosekunde

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1966, lakini mwaka uliofuata aliitwa tena, kwa kuwa kazi yake ilihitajiwa. Alistaafu kabisa mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo katika ngazi ya maadmirali.

Miaka hiyo yote aliendelea kufundisha. Alipotaka kueleza nanosekunde, yaani sehemu moja katika sehemu bilioni moja za sekunde, aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga huweza kusafiri kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo, kompyuta ikitakiwa kuwa na kasi kubwa, sharti vyombo vyake viwe karibu karibu. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyume, ili kuwakumbusha watu kwamba desturi si sheria.

Grace Hopper alifariki dunia tarehe 1 Januari, 1992, akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka 1996 manowari moja ya Marekani ilipewa jina lake. Leo kila anayeiandikia kompyuta maagizo kwa maneno anafuata njia ambayo mwalimu huyu alisaidia kuifungua.

Maswali

1. Kwa nini Grace alifungua saa zote saba?
2. Hopper aliwapa wanafunzi wake wa hisabati kazi gani nyingine? Kwa nini?
3. Taja makosa mawili ambayo watu waliyafanya walipohamisha vipande vya programu.
4. Kompaila hufanya kazi gani?
5. Kata uzi wenye urefu wa sentimita 30. Ikiwa mwanga hupita urefu huo kwa nanosekunde 1, utapita mita ngapi kwa nanosekunde 1,000?
6. Chagua kanuni moja ya sayansi uliyojifunza mwaka huu. Andika insha fupi ya kumweleza mtu asiyeijua.