Mzee wa Madubwana Aliyelivuka Ziwa Letu Bila Kufika

Wiki za mtihani kila mtu yuko kwenye vimbweta na madesa yake. Ukikutwa umejikunyata pembeni na riwaya ya madubwana, swali ni moja: unataka sapu? Leo tumtetee kidogo msomaji huyo kwa kumwangalia mtu aliyeifanya raha hiyo kazi ya maisha yake: Jules Verne, Mfaransa ambaye habari zake zinamhusu mtu wa Mwanza kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa bandari. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mpango wa nyumbani ulikuwa kijana akasome sheria Paris, kisha arudi kurithi ofisi ya mzee. Kusoma alisoma na akamaliza. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alishanogewa na tamthiliya, akabaki Paris akiandika michezo ya jukwaani ambayo haikumpa hela ya maana. Mwaka 1857 akamwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili, na ili watu wale akaingia kazi ya soko la hisa. Muda uliobaki alisoma taarifa za wasafiri, jiografia na sayansi, huku akijaza vidokezo kwenye karatasi zake.

Januari 1863 karatasi hizo zikazaa riwaya ya safari ya wiki tano ndani ya puto. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kutoka Zanzibar. Wanapita Kazeh, yaani Tabora, ambako watu wanalidhani puto ni mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na kuwaumbua. Halafu wanavuka ziwa. Ndiyo, hili hili letu, ambalo yeye aliliita Ukerewe. Mwingereza Speke alikuwa ameliona akiwa huku Mwanza Agosti 1858, lakini kitabu kilipotoka, Ulaya walikuwa bado hawajapata habari za safari yake ya pili. Verne akakisia akiwa mezani: wasafiri wake wakaukuta Mto Nile ukitokea ziwani upande wa kaskazini. Akapatia. Kitabu kikauzika sana, na mchapishaji wake Hetzel akataka vingine.

Mwaka uliofuata, 1864, ndipo yakaja madubwana. Profesa Lidenbrock na mpwa wake Axel wanaingia chini ya ardhi kupitia mlima wa volkano huko Iceland. Kule chini wanakuta bahari nzima, na wakiwa juu ya chelezo wanashuhudia majitambaazi mawili ya kale yakipigana. Baadaye wanaliona jitu likichunga wanyama wa jamii ya tembo, nao wanatoka mbio. Mwisho wanarushwa juu na volkano nyingine, huko Italia. Kisayansi mambo hayo hayasimami, na wala hayakuharibii utamu. Unacheka, unaogopa kidogo, unageuza ukurasa.

Sasa tuseme ukweli. Ukirudi kwenye lile puto, kuna mahali Kennedy na Joe wanadhani Waafrika wamelizingira, kumbe ni nyani, na mzaha unaofuata ni kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Hapo mimi kicheko kilikatika. Na ukingo wa ziwa ameujaza mbu na viboko, nchi isiyokaliwa na mtu, wakati Wakerewe, Wazinza na Wasukuma walikuwa wakilima na kuvua hapa miaka yote. Chini ya ardhi ya Iceland hakuna bibi wa mtu, kwa hiyo weka jitu lolote upendalo. Huku kwetu kulikuwa na watu, na yeye hakuwahi kufika akawaona. Bado sisemi tusimsome. Tumsome, ila pale anapokosea tuseme amekosea.

Alihamia Amiens, akanunua mashua, akaandika riwaya zaidi ya 50. Machi 1886 mpwa wake Gaston, aliyekuwa na maradhi ya akili, alimpiga risasi mguuni, na tangu hapo akawa anachechemea. Mwaka 1888 alichaguliwa diwani. Kisukari kilimsumbua, akafariki tarehe 24 Machi 1905, kalamu ikiwa bado mkononi.

Wakati huo, katika Ukerewe ya kweli, alikuwepo mtoto wa miaka tisa hivi, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Huyo ndiye aliyekuja kukiandika kisiwa akiwa ndani yake, riwaya nzima kwa Kikerewe, akaimaliza 1945. Kwa Kiswahili ilisubiri hadi 1980.

Kwa hiyo bumu likitoka, tafuta vyote viwili. Na kama una kalamu, dubwana tayari tunalo: Wasukuma wanamjua Shing'weng'we aliyemeza watu wote, na Masala Kulangwa, kijana aliyempasua tumbo wakatoka. Mtu amwibue Shing'weng'we kwenye maji ya Jiwe la Bismarck, jioni, kivuko cha Kamanga kikiwa kimejaa abiria. Mimi nitakisoma hata wiki ya mtihani.