Askofu Vincent Lucas na Jando la Wakristo

Mwaka 1926 sehemu yetu ya kusini ilitengwa na Dayosisi ya Zanzibar ikawa Dayosisi ya Masasi, na askofu wake wa kwanza akawa William Vincent Lucas. Jina lake si geni kwetu, hapa Lisekese na mitaa ya jirani. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane hata nje ya Afrika aliianza angali padre, kabla hajawekwa kuwa askofu, nayo ilianzia kwenye shida ambayo kila padre wa mtaa anaifahamu. Aliwaona Wakristo waliobatizwa na kupata Kipaimara, wenye majina yao katika daftari la mtaa, ambao imani yao ilikuwa imechoka.

Lucas alizaliwa mwaka 1883, Mwingereza, akaja Masasi mwaka 1909 kwa kazi ya Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Kanisa alilolikuta lilikuwa limekwisha kuonja taabu. Mwaka 1876 Askofu Steere alitembea kwa miguu kutoka pwani ya Lindi na watu waliookolewa utumwani, akawaweka Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji cha misheni, wakaua na kuteka watu. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, misheni ikachomwa moto. Kila mara watu walirudi, wakafyeka, wakajenga tena. Hao hawakuwa Wakristo wa mchezo.

Hata hivyo, katika miaka ya utulivu iliyofuata kikaingia kitu kingine ambacho hakina moshi wala kelele. Mtu alijifunza katekisimu, akabatizwa, akahudhuria Misa siku kuu. Kengele ikilia anakwenda, isipolia hana habari. Yalipofika mambo mazito ya maisha yake, mtoto kuzaliwa, kijana kuvuka kuwa mtu mzima, mzazi kufa, alikwenda kwingine, mara nyingi usiku, na hakumwambia padre. Kanisani alipeleka Jumapili yake. Hofu zake na matumaini yake aliyapeleka porini.

Na hapa kwetu jambo zito kuliko yote lilikuwa jando. Wayao, Wamakua na Wamakonde kila mmoja alikuwa na taratibu zake, lakini wote walikubaliana kwamba mwanamume asiyepita kumbini ni mtoto, hata kama ana mvi. Hakai na wazee wanapozungumza, na wenzake wanamcheka. Kwa hiyo mzazi Mkristo alibanwa. Akimzuia mwanawe, amemfanya kichekesho kijijini. Akimpeleka kwenye jando la kienyeji, humo mna unga unaomiminwa chini ya mti na mizimu inaombwa, na yeye atatengwa na Ushirika Mtakatifu. Akimpeleka kwa majirani Waislamu, ambao kwa Wayao hasa walikuwa wamekwisha kuliingiza jando katika dini yao, mtoto huenda akatoka kumbini ni Mwislamu. Hao majirani, tuseme kweli, walikuwa wamefahamu mapema jambo ambalo sisi tulichelewa kulifahamu.

Dawa iliyozoeleka ilikuwa kukataza. Anayekwenda anaandikwa, anatengwa, anatubu, anarudi, na mwaka unaofuata ndugu yake anafanya vile vile. Toba yenyewe ikawa desturi, kama kulipa kodi. Nadhani hakuna kinachoichosha imani upesi kuliko hicho, mtu kutubu jambo ambalo moyoni haoni kuwa ni kosa, akijua kwamba atalifanya tena.

Padre Lucas hakuanza kwa kuongeza adhabu. Alianza kwa kuuliza. Alikaa na wazee Wakristo, walimu na makasisi Waafrika, watu ambao wenyewe walikuwa wamelala kumbini utotoni, akataka aelezwe kila kitu: kwa nini mti, kwa nini unga, kwa nini wari wafichwe, kwa nini wazazi wajizuie wakati wote mtoto akiwa porini, kwa nini kambi ichomwe mwishoni. Kwa Mzungu wa siku zile huo ulikuwa unyenyekevu usio mdogo, maana wenzake wengi waliliita jando zima ushenzi wakafunga mazungumzo. Yeye aliona kwamba ndani yake mna mambo matatu ya namna tofauti. Mna mazuri ambayo Mkristo angeyataka hata kama asingeyarithi, kama heshima kwa wazee, uvumilivu, kutunza siri na kujitawala. Mna yasiyo mazuri wala mabaya. Na mna yale ambayo hayawezi kukaa na Injili, hasa kuomba mizimu na baadhi ya nyimbo na mafundisho ya uasherati. Haya ya mwisho tu ndiyo aliyotaka yaondoke.

Hivyo likazaliwa jando la Wakristo. Kambi ilijengwa porini kama zamani, mbali na kijiji, na wari walitengwa na mama zao kama zamani. Lakini pale ulipokuwa mti wa matambiko palisimamishwa msalaba, na mahali pa kuwaomba wahenga pakawa na sala kwa Mungu, pamoja na kuwakumbuka marehemu kama Kanisa linavyowakumbuka. Wasimamizi walitakiwa wawe Wakristo wenye msimamo, na padre hakuwa mgeni wa kuchungulia, alikuwa na kazi yake humo. Majuma ya kukaa porini yakawa majuma ya mafundisho: sala, mwenendo wa mwanamume Mkristo, ndoa, kazi, adabu. Mwisho kambi ilichomwa, wari wakavaa nguo mpya, wakarudi kwa shangwe na kumshukuru Mungu kanisani.

Wengi wanaosimulia habari hizi huangalia wavulana tu. Mimi naona kwamba waliofanywa upya kwanza walikuwa wakubwa. Fikiri hali ya mzee aliyekuwa akiishi maisha mawili, moja la kanisani na moja la kumbini, sasa anaombwa asimamie jando kwa jina la Kristo. Hawezi kulisimamia akiwa ametengwa na Ushirika. Lazima apatane na mkewe, amalize ugomvi na jirani, aende kuungama. Tena ujuzi wake wote, ambao miaka mingi aliufanya siri mbele ya padre, sasa unahitajika. Maarifa aliyoyaonea haya yamekuwa sadaka. Mtu wa namna hiyo hasubiri kengele.

Si wote waliofurahi. Wamisionari wengine waliogopa kwamba upagani unaingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma. Kwa upande wa pili walikuwako wazee walioona kwamba jando lisilo na mti wala unga si jando. Na yako ambayo Lucas hakuyaweza. Unyago wa wasichana uliwekwa mikononi mwa wanawake Wakristo na wamisionari wanawake, lakini haukufika mahali lilipofika jando. Hilo halishangazi. Makungwi hawakuwa tayari kumweleza mwanamume mambo yao, na mwanamume, hata akiwa askofu, hana ruhusa ya kukaa nao akauliza kama alivyowauliza waume zao. Lilitakiwa kuanzwa na akina mama wenyewe. Yafaa pia kusema kwamba jando la Wakristo si hirizi ya kuzuia uchovu. Nalo laweza kuwa sherehe ya nguo, pilau na ngoma, na msalaba ukabaki kama nguzo ya kawaida. Katika siku zetu, wavulana wengi wanapotahiriwa hospitalini na kumbi kufupishwa ili shule zisikose watoto, hatari hiyo haijaondoka.

Haifai tumpe Lucas sifa yote. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani walipowakamata wamisionari Waingereza wakawafunga bara, ni makasisi Waafrika, wakiwemo Daudi Machina na Kolumba Msigala, waliolishika Kanisa la Masasi, wakabatiza na kuzika katika njaa na mapigano. Askofu aliyepata watu wa namna hiyo alikuwa na wa kumjibu alipouliza.

Alipokuwa askofu aliyaandika mawazo yake, mwaka 1927 na mwaka 1928, na watu wa misheni nchi nyingine wakaanza kuitazama Masasi. Huku nyumbani dayosisi ilikua, nayo mitaa ikaongezeka. Alikuwa mtu wa Misa, maungamo na saumu, mkali katika hayo. Anayedhani kwamba alilegeza dini ili awapendeze watu hamjui. Aliamini kwamba Mungu aliyefanyika mtu na kuishi kati ya Wayahudi, akitahiriwa siku ya nane kama desturi yao, haoni aibu kukaa kumbini na watoto wa Wamakua.

Aliacha uaskofu mwaka 1944, akafariki mwaka 1945. Kiti chake kilichukuliwa na Askofu Leslie Stradling. Kufikia hapo wavulana waliolala katika kambi zile za mwanzo walikuwa watu wazima, nao sasa walikuwa na watoto wa kuwapeleka kumbini.