Baba Bodelschwingh na Wenye Kuuguza

Mwenye kuuguza huteseka pamoja na mgonjwa wake, wala mara nyingi hatumwoni. Kwa hiyo twamkumbuka mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1831.

Alipokuwa mchungaji wa Dellwig, Januari 1869, watoto wake wote wanne waliugua sana. Yeye na mkewe Ida wakakesha kando ya vitanda vyao; hata katika majuma mawili wote wanne wakafa. Msiba ule ukamfunza kuwahurumia wengine. Akaandika kitabu kidogo juu ya kufa kwa watoto wale, wazazi waliofiwa wapate faraja.

Mwaka 1872 akaitwa Bielefeld kusimamia nyumba ya wenye kifafa, ndiyo Betheli. Pakakua hata pakawa kama mji, wagonjwa na wahudumu wakikaa pamoja. Tangu 1890 akaisaidia misheni ya Afrika Mashariki. Na mashemasi wa Betheli wakaja Lutindi, katika Usambara, kuwatunza wenye ugonjwa wa akili. Akafa mwaka 1910.

Basi sisi wa Chunya, tumwonapo mtu ameketi nje ya hospitali, na ndugu yake yu mahututi ndani, tusimpite. Labda ametoka mbali, hana chakula wala pa kulala, wala hajui habari za mgonjwa wake. Tumpelekee uji, tumpe mkeka nyumbani kwetu, twende naye kumwuliza daktari. Tena tusifanye haraka kumhubiri. Kwanza tuketi naye.