Mwalimu Nyerere na walimu waliosomea ualimu redioni

Msikilizaji wetu, kila Oktoba 14 tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere kama Baba wa Taifa. Leo tumtazame kama mwalimu, tena mwalimu wa sayansi.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Musoma na Tabora, pale reli inapogawanyika kwenda Mwanza na kuja kwetu Kigoma. Baada ya kusomea ualimu Makerere, alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha biolojia na Kiingereza katika Shule ya Mtakatifu Maria. Baadaye alisoma Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ili aongoze TANU.

Akiwa Rais, alikabiliwa na swali gumu. Novemba 1974, mjini Musoma, TANU iliamua watoto wote waanze shule ifikapo 1977 badala ya kungoja 1989. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingetosha.

Serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakasomea ualimu hukohuko vijijini. Sehemu ya siku walifundisha, sehemu walisoma masomo yaliyotumwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania. Mwishoni walikaa chuoni wiki sita. Hapo walipata kufanya majaribio ya sayansi kwa mikono yao, maana redio inaweza kueleza jaribio, lakini haiwezi kukushikisha chupa ya maabara.

Kati ya 1976 na 1984 waliingia zaidi ya 45,000, na karibu 38,000 walifaulu.

Watu waliwatania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Lawama ina ukweli wake: madarasa yalijaa, vitabu vilikuwa haba, na wiki sita ni chache kwa mwalimu wa sayansi. Lakini tupige hesabu. Mtoto wa miaka 7 mwaka 1977, kama angengoja hadi 1989, angekuwa na miaka 19. Kwa vijiji vya mwambao, kutoka Kagunga hadi Kalya, vinavyotegemea boti kuliko barabara, mawimbi ya redio yalifika bila kusubiri usafiri.

Mwalimu alifariki mwaka 1999, akazikwa Butiama. Tunapomkumbuka, tuwakumbuke na walimu wale. Huenda mmoja wao ndiye aliyekufundisha kusoma maneno haya.