John Kemeny, Mwalimu Aliyetupa BASIC

Wengi wetu tunaojifunza kompyuta twaijua lugha ya BASIC, lakini ni wachache wamjuao aliyeitunga. Kwa hiyo nimependa kuwasimulia wenzangu, na ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo hapa, maisha yake kwa ufupi.

John Kemeny alizaliwa Budapest, nchi ya Hungaria, tarehe 31 Mei 1926, katika jamaa ya Kiyahudi. Baba yake aliiona mapema hatari ya Hitler, akatangulia Marekani, na mwaka 1940 jamaa yote ikahamia New York. Babu yake alikataa kuondoka, naye aliuawa. Kijana huyu mkimbizi alitia bidii, na baada ya miaka 3 alimaliza sekondari akiwa wa kwanza darasani.

Mwaka 1945, alipotimiza miaka 19, umri nilio nao mimi sasa, alikuwa Los Alamos akipiga hesabu za bomu la atomiki. Hesabu moja kwa mashine za kadi ilichukua wiki kadhaa. Baadaye, huko Princeton, alikuwa msaidizi wa Einstein, akapata udaktari mwaka 1949.

Mwaka 1953 akaenda kufundisha katika chuo cha Dartmouth. Siku zile kompyuta ilikuwa kitu cha wataalamu tu. Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz walitaka kila mwanafunzi aitumie, hata asomaye historia. Wakatunga BASIC, na wanafunzi wao wakasaidia kuitengeneza mitambo. Saa 10 alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 programu za kwanza zilifanya kazi.

Wakati ule hapakuwa na kioo cha kusomea. Majibu yalipigwa chapa karatasini. Alama ya mkato ilitosha kuyasogeza maneno mbele. Vioo vilipokuja, kila fundi alijitungia amri yake ya kuweka maneno mahali pake. Katika kompyuta ya Spectrum twaandika PRINT AT 3,10, yaani mstari kwanza, kisha nafasi, na hesabu yaanzia 0. Katika BBC BASIC ni PRINT TAB(10,3), nafasi kwanza. Katika GW-BASIC ni LOCATE 3,10, lakini hesabu yaanzia 1. Leo hata vikompyuta vya chipu moja vina desturi zao: BASCOM hutumia LOCATE, na MMBasic hupima kwa vidoti vya kioo. Basi mwenye kuhamisha programu asipouliza kwanza, maneno yake yatapotea njia.

Vurugu hiyo ilimsikitisha Kemeny. Lugha aliyowapa watu wote ilikuwa imegawanyika vipande vipande. Katika miaka ya 1980 yeye na Kurtz walitoa True BASIC ili kuiunganisha tena, ila wengi walikwisha kuzoea njia zao.

Alikuwa mkuu wa Dartmouth toka 1970 hata 1981, na wanawake wakaanza kupokewa huko mwaka 1972. Juu ya ukuu wake hakuacha kufundisha darasani. Alifariki tarehe 26 Desemba 1992.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto aliyepokewa Marekani kama mkimbizi aliwafungulia wenyeji wake mlango wa elimu, nasi tulio mbali tumeingia kwa mlango huo huo.