Grace Hopper, admirali aliyefundisha kompyuta za jeshi kusema lugha moja

Leo, ndani ya benki ao kampuni ya simu yenye kompyuta mia nne, fundi hapiti tena ofisi kwa ofisi kuweka programu mkono kwa mkono. Anakaa mbele ya skrini moja, anatoa amri, na mashini zote zinapokea programu ileile na mpangilio uleule, mara nyingi usiku wafanyakazi wakiwa wamelala. Wazo lililo chini ya kazi hiyo ni la zamani kuliko watu wengi wanavyofikiri: kwamba binadamu asinakili kwa mkono kile ambacho mashini inaweza kunakili yenyewe, na kwamba programu iliyoandikwa mara moja ifanye kazi vilevile kila mahali. Kati ya waliolipigania wazo hilo kwa muda mrefu yupo mwanamke mmoja wa Marekani, mwalimu wa hesabu aliyekuja kuwa admirali: Grace Hopper.

Alizaliwa mjini New York tarehe 9 Desemba 1906 kwa jina la Grace Brewster Murray, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alikuwa mtu wa bima. Alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya kuamsha watu ili aone inavyotembea ndani. Aliposhindwa kuirudisha alichukua nyingine kuangalia tofauti, kisha nyingine, mpaka saa saba za nyumba zikalala vipande vipande. Mama yake alipogundua hakumkataza udadisi, ila akamwekea mpaka: saa moja tu.

Chuo cha Vassar kilimkataa mara ya kwanza kwa sababu ya alama mbaya za Kilatini. Aliingia mwaka uliofuata, akamaliza hesabu na fizikia mwaka 1928, akaenda Yale ambako alipata shahada ya udaktari wa hesabu mwaka 1934, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke wa wakati huo. Mwaka 1930 alikuwa ameolewa na Vincent Hopper. Waliachana mwaka 1945, hawakuzaa mtoto, naye akabaki na jina hilo maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kufundisha Vassar, na kama si vita huenda angezeekea huko.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, alitaka kuingia jeshi la majini, ambako babu wa mzazi wake alikuwa admirali. Walimwambia amezeeka na tena ni mwembamba mno kwa kipimo cha jeshi. Hakukubali. Desemba 1943 aliapishwa katika akiba ya jeshi la majini, na katika mafunzo ya maofisa alitoka wa kwanza darasani, akiwa na miaka 37.

Julai 1944 alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashini iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa zaidi ya tani 4, na ilisoma amri zake kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mkuu wake, Howard Aiken, alikuwa mtu mkali aliyeendesha maabara kama meli ya vita. Kazi ilifanyika usiku na mchana: meza za hesabu za mizinga, hesabu za mabomu ya baharini.

Kuna jambo moja hapa linalotuhusu sisi wa Congo. Katika mwaka huohuo mwanahesabu John von Neumann alileta Harvard hesabu nzito, na wafanyakazi wa Mark I walizifanya bila kuambiwa ni za nini. Zilikuwa za mlipuko wa kwenda ndani, ule uliohitajika ili bomu la atomiki lilipuke. Tukumbushe kwamba sehemu kubwa ya uranium ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako wachimbaji nao hawakuambiwa mzigo unakwenda wapi.

Tuendelee na daftari, maana ndilo lililobadilisha maisha yake. Hopper na wenzake, Richard Bloch na Robert Campbell, waligundua haraka yakwamba wanarudia kuandika vipande vilevile vya amri: namna ya kupata kipeo, namna ya kupata sini ya pembe. Kila mmoja akawa na daftari la vipande vilivyokwisha kujaribiwa. Mmoja akihitaji kipande, anaazima daftari la mwenzake na kunakili. Hapo ndipo shida ilipoingia. Mwenye kunakili anaruka mstari, anasoma 4 badala ya 9, ao anasahau kubadilisha namba za mahali ambapo mashini inatunza tarakimu. Kipande kilichokuwa kizima ndani ya daftari la kwanza kinaharibika njiani kwenda la pili. Hopper aliamua mapema kwamba watu, hata wenye shahada za hesabu, ni wabaya katika kunakili na wabaya katika kujumlisha, na kwamba hizo ndizo kazi mbili ambazo mashini inazifanya vizuri zaidi.

Yule mdudu anayesimuliwa sana tumtaje kwa kupita. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Mark II walikuta nondo amekwama ndani ya swichi, wakambandika kwa utepe ndani ya kitabu cha kazi. Hopper alipenda kusimulia kisa hicho, lakini kuita hitilafu mdudu kulikuwako kabla yake, na si yeye aliyemtoa yule nondo.

Baada ya vita Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwake. Miaka ya kazi bila mapumziko ilimwachia pia tatizo la pombe, ambalo marafiki walimwonya waziwazi. Mwaka 1949 alihamia Philadelphia, kwenye kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikijenga UNIVAC, kompyuta ya kuuzwa kwa ofisi na viwanda. Sasa shida ya daftari ilikuwa kubwa zaidi. Mashini ikiwa moja, watu watatu wanaweza kuelewana. Mashini zikiuzwa kwa wateja kumi, kila mteja ataanza kuandika upya kila kitu.

Kati ya 1951 na 1952 alitengeneza programu aliyoiita A-0, kompaila yake ya kwanza. Alikusanya vipande vilivyojaribiwa, akavirekodi kwenye utepe wa sumaku, akakipa kila kimoja namba yake. Mwandishi wa programu aliandika tu orodha ya namba kwa mpangilio anaoutaka. Mashini yenyewe ilivitafuta kwenye utepe, ikavinakili, ikarekebisha namba za mahali, na kuviunganisha kuwa programu moja. Wataalamu wa leo wangesema A-0 ilikuwa karibu zaidi na kazi ya kuunganisha vipande kuliko kompaila kamili, na wana haki. Lakini kwa mara ya kwanza daftari lilikuwa limehamia ndani ya mashini.

Watu hawakumwamini. Kwa muda mrefu alijibiwa kwamba kompyuta inafanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Hata hivyo toleo lililofuata, A-2, lilitumwa kwa wateja wa UNIVAC mwaka 1953 pamoja na maandishi yake yote ya ndani, wakiombwa warudishe marekebisho watakayoyafanya. Kampuni moja ikipata njia bora, wote wanaipata. Ni miaka mingi kabla ya watu kuanza kuzungumzia programu huria.

Hatua iliyofuata iliwatisha wakubwa wake. Alitaka wafanyabiashara waandike amri kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, si kwa alama za hesabu. Ili kuonyesha kwamba kwa mashini maneno ni alama tu, alichukua programu fupi na kuiandika mara tatu: kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Zote tatu zilikuwa sawa mbele ya mashini. Wakubwa wa kampuni walishtuka: kompyuta iliyojengwa Pennsylvania isikie Kifaransa? Ilimchukua miezi kuwatuliza kwamba itatumia Kiingereza peke yake. Sisi tuliosoma shule kwa Kifaransa na kununua sokoni kwa Kiswahili tunaweza kucheka. Yeye alichotaka ni kuonyesha kwamba mashini haina lugha ya mama.

Lugha hiyo ikaitwa FLOW-MATIC, lakini ilibaki ya kampuni moja. Kampuni nyingine zilikuwa na zao, na mteja aliyebadilisha mashini alitupa programu zake zote. Aliyeumia zaidi alikuwa serikali. Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na kompyuta zaidi ya 200 za watengenezaji mbalimbali, na dola zaidi ya milioni 200 zilikuwa zimeteketea katika kuandika programu. Mwishoni mwa Mei mwaka huo wizara iliita watengenezaji na watumiaji kwenye jengo la Pentagon. Kutoka mkutano huo ikazaliwa COBOL. Wengi wanamwita Hopper mama wa lugha hiyo. Tuseme ukweli: kamati iliyoiandika ilikuwa na wengine, akiwemo Jean Sammet, na Hopper alikuwa mshauri. Lakini msingi wake mkubwa ulikuwa FLOW-MATIC.

Desemba 1960 ikafanyika majaribio: programu moja ya COBOL ilipitishwa kwenye mashini mbili za kampuni zinazoshindana, RCA 501 na UNIVAC II. Kwa kubadilisha mambo machache tu, ilifanya kazi kwenye zote mbili. Kisha wizara ikatumia nguvu ya pesa: asiye na kompaila ya COBOL itakuwa vigumu kuiuzia kompyuta. Kwa maoni yetu, sharti hilo la mnunuzi lilifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966, akiwa kamanda na umri wa miaka 60. Alisema baadaye kwamba siku hiyo ilikuwa ya huzuni kuliko zote. Haikudumu. Agosti 1967 aliitwa tena kwa miezi sita, kwa sababu COBOL ya jeshi la majini ilikuwa imegawanyika. Kila muuzaji aliongeza maneno yake, kila kituo kiliandika kwa namna yake, na programu iliyolipa mishahara vizuri kwenye bandari moja ilikwama kwenye bandari nyingine. Miezi sita ikawa miaka karibu 19.

Dawa yake ilikuwa ya kihesabu. Hakutuma wakaguzi kusoma programu moja moja. Yeye na kikundi chake waliandika programu za majaribio zilizopitishwa juu ya kompaila ya kila muuzaji, na zenyewe zikatoa ripoti: hapa inafuata kanuni, hapa haifuati. Walitengeneza pia programu za kugeuza COBOL ya kienyeji kuwa COBOL ya kanuni, na kitabu cha mafunzo kwa jeshi zima. Muuzaji hakuweza tena kuapa kwa mdomo kwamba bidhaa yake ni sawa na nyingine. Ilibidi ipite mtihani. Baadaye idara ya viwango ya serikali ya Marekani iliendeleza majaribio ya aina hiyo. Fundi wa leo anayeacha programu ikague kompyuta mia nne na kumwonyesha zilizotoka kwenye mpangilio anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Katika miaka ya 1970 alianza kuwaudhi wakubwa upya. Alishauri kompyuta kubwa moja ya katikati iachwe, ziwekwe ndogo nyingi zilizounganishwa. Mfano wake ulikuwa wa wakulima wa zamani: ng'ombe mmoja akishindwa kuvuta gogo, hawakuhangaika kufuga ng'ombe mkubwa zaidi, walifunga wawili. Wazo la mashini kufanana lilikuwa pia na miiba yake. Programu nyingi za COBOL zilitunza mwaka kwa tarakimu mbili ili kuokoa nafasi, na tabia hiyo nayo ilisambaa kila mahali. Kabla ya mwaka 2000 benki na serikali zililipa pesa nyingi kuirekebisha.

Ofisini mwake alitundika saa iliyotembea kinyumenyume, kwa ajili ya wageni wanaotetea jambo kwa sababu tu ndivyo lilivyofanywa siku zote. Akawa kapteni mwaka 1973, komodoro mwaka 1983, kisha admirali cheo hicho kilipobadilishwa jina mwaka 1985. Tarehe 14 Agosti 1986 aliagwa mjini Boston juu ya meli ya kale USS Constitution, akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini. Hakwenda kupumzika: kampuni ya kompyuta ya Digital ilimwajiri kuwa mshauri.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Arlington, Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya vita USS Hopper, iliyopewa jina lake, iliingia kazini mwaka 1997 na bado inasafiri baharini.